Pishi, Frasila na Kilo: Historia ya Kupima Mzigo Pwani ya Afrika Mashariki

Katika karne ya 19, bidhaa zilizofika bandari ya Unguja zilipimwa kwa njia mbili zisizofanana. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu kavu na shanga ziliwekwa kwenye mizani na kuhesabiwa kwa frasila. Mtama, mchele, kunde na karafuu mbichi vilimiminwa ndani ya chombo na kuhesabiwa kwa pishi. Njia ya kwanza ilipima wingi wa kitu chenyewe, ya pili ilipima nafasi ambayo kitu kimejaza. Mfanyabiashara alilazimika kuzijua zote mbili na kuvuka kutoka moja kwenda nyingine kila siku, na kwenye kivuko hicho ndiko hasara ilikojificha.

Ngazi ya mizani ilianza chini kwa wakia. Wakia 16 zilifanya ratili 1, ratili 3 zilifanya mani 1, na mani 12 zilifanya frasila 1. Frasila kamili kwa hesabu hiyo ilikuwa na ratili 36, yaani wakia 576. Ngazi ya chombo ilianza kwa kibaba: vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Ngazi hizo mbili ziliunganishwa na kanuni moja ya wafanyabiashara iliyosema kwamba jizla ya nafaka ni sawa na frasila 10. Kwa hiyo frasila 1 ni pishi 6, na pishi 1 ni ratili 6. Ni hesabu nzuri, rahisi kukariri na kugawa bila karatasi. Lakini ni kweli kwa nafaka fulani tu, iliyojazwa kwa namna fulani tu.

Upande wa mizani ulikuwa na nguzo ambayo upande wa chombo haukuwa nayo, nayo ni sarafu. Wakia ya Unguja ilikuwa uzani wa reale moja ya fedha, ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Reale hiyo ilipigwa chapa ya mwaka 1780 hata ilipotengenezwa miaka mia moja baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka kupokea sarafu yenye sura mpya. Kila moja ilikuwa na gramu 28.0668, na katika sehemu 1,000 za madini yake 833 zilikuwa fedha halisi. Mtu aliyetilia shaka jiwe la mizani la muuzaji hakuhitaji kwenda kwa kadhi wala kwa liwali. Aliweka reale 16 kwenye kitanga kimoja na jiwe la ratili kwenye kitanga cha pili, akatazama.

Sarafu hiyo inatatua pia kitendawili kinachowasumbua wasomaji wa vitabu vya zamani. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 19 husema mara frasila ni ratili 35, mara ni 36, na ni rahisi kudhani kwamba mmoja wao alikosea. Hesabu ya reale inaonyesha vingine. Reale 16 zina gramu 449.07, ilhali ratili ya Kiingereza ina gramu 453.59. Ratili 36 za Unguja ni kilo 16.17, na kilo hizo zikigeuzwa kuwa ratili za Kiingereza zinatoka 35.64, kati ya 35 na 36. Baadaye biashara ya karafuu ilisimama kwenye ratili 35 za Kiingereza, yaani kilo 15.876. Kati ya frasila ya reale na frasila hiyo ya Kiingereza kuna gramu 290 hivi. Kwa mkulima mwenye gunia moja ni kiasi cha kusamehe. Kwa shehena ya frasila 100 ni kilo 29, karibu frasila mbili nzima.

Desturi ya kupimia kwa sarafu haikuwa ya reale peke yake. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja na tola, ambayo serikali ya Kiingereza nchini India iliiweka mwaka 1833 kuwa punje 180 za Kiingereza, sawa na gramu 11.66. Rupia ya fedha ilitengenezwa kwa uzani huohuo, kwa hiyo kila rupia ilikuwa tola moja. Rupia ilitumika Kenya hadi mwaka 1920 na Zanzibar hadi mwisho wa 1935, na masonara wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliendelea kuhesabu dhahabu kwa tola muda mrefu baada ya rupia yenyewe kutoweka sokoni.

Nyuma zaidi, dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa ilipimwa kwa mithkali, kipimo cha Kiislamu cha gramu 4 na kitu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu, inayotajwa kuwa mithkali 1,500. Kwa kilo za leo hiyo ni kati ya 6 na 7 hivi. Dhahabu ya kodi hiyo ndiyo iliyotengenezewa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Ni kati ya mizigo michache ya biashara ya kale ya pwani inayoweza bado kuonekana kwa macho.

Mizani iliyopima vitu hivi ilikuwa ya vitanga viwili vinavyoning'inia kwenye fimbo. Umbo hilo lina sifa moja ambayo watumiaji wake walifaidi bila kulazimika kuieleza. Fizikia hutofautisha tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hakibadiliki kitu kikihamishwa. Uzito ni kani ambayo kwayo dunia inakivuta kitu hicho, na kani hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Uzito hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao huandikwa kwa herufi g. Tungamo hutajwa kwa kilo, uzito kwa nyutoni. Kwenye usawa wa bahari Unguja, g ni mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde. London ni 9.81. Kwa hiyo kilo moja ya karafuu huvutwa kwa nyutoni 9.78 Unguja na nyutoni 9.81 London, ingawa hakuna hata chembe moja ya karafuu iliyoongezeka.

Kwenye mizani ya vitanga tofauti hiyo haionekani. Dunia inapokivuta kitanga chenye karafuu, inakivuta vilevile kitanga chenye mawe, na kwa kiwango kilekile. Mvutano ukipungua, unapungua pande zote mbili, na fimbo inabaki ilivyokuwa. Kinacholinganishwa hapo ni tungamo kwa tungamo. Frasila iliyopimwa forodhani Unguja ilibaki frasila Bombay, Salem ya Marekani au Hamburg, mradi mawe yawe ya haki. Kwa maana hiyo biashara ya pwani ilikuwa ikipima tungamo karne nyingi kabla wanafizikia hawajaitofautisha na uzito.

Utofautishaji huo wenyewe ulisukumwa na safari ya kuja karibu na ikweta. Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma mtaalamu wa nyota Jean Richer hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 hivi kaskazini ya ikweta. Richer alikuwa na saa ya timazi iliyorekebishwa Paris. Alipofika Cayenne saa ikawa inachelewa dakika 2 na nusu kila siku, akalazimika kufupisha timazi yake ili iende sawa. Wengine walidhani joto limerefusha chuma. Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha 1687, alitoa maelezo yaliyodumu: dunia inazunguka na imevimba kiunoni, hivyo karibu na ikweta mvutano wake ni hafifu kidogo, na timazi huyumba polepole zaidi. Katika kitabu hichohicho Newton aliweka wazi kwamba wingi wa maada na uzito wake ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja lakini si kimoja. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kama Richer angepelekwa huko badala ya Cayenne, saa yake ingechelewa karibu vilevile.

Tofauti hiyo ingekuwa na maana gani kwa karafuu? Mizani ya springi haina kitanga cha pili. Mzigo unavuta springi, springi inarefuka, na mshale unaonyesha urefu huo kwa kilo. Inapima kani, kisha inaisema kana kwamba ni tungamo. Springi iliyowekewa alama London ikitumiwa Unguja bila marekebisho itaonyesha pungufu ya asilimia 0.3 hivi. Kwenye frasila moja ni gramu 50; kwenye tani ni kilo 3 na kidogo. Si kidogo kwa muuzaji wa mamia ya tani, lakini ni ndogo kuliko ile tofauti ya gramu 290 iliyokuwemo kati ya frasila mbili zenye jina moja. Hitilafu za mvutano zilikuwapo siku zote, ila katika historia ya biashara hii zilizidiwa mbali na hitilafu za watu.

Njia za bara zinaonyesha jambo hilohilo. Wapagazi wa Kinyamwezi na wengineo waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na Tabora walipangiwa mzigo wa frasila 2 hivi kwa mtu, kilo 32, mbali na chakula chake, sufuria na mkeka wa kulalia. Nguo zilihesabiwa kwa doti, shanga na waya kwa frasila. Tabora iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko mvutano ni hafifu kuliko Bagamoyo, lakini kwa frasila nzima upungufu unalingana na uzito wa gramu chache tu. Begani mwa mpagazi haukusaidia kitu. Kilo 32 zilimkandamiza kwa nyutoni 313 Bagamoyo na nyutoni 313 Tabora, na katikati ya safari kulikuwa na miezi ya jua, mito na njaa.

Upande wa chombo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kibaba hakina habari na mvutano wa dunia wala na tungamo. Kinachojua ni nafasi. Ukikijaza mtama kinakuwa na uzani mmoja, ukikijaza mchele kina mwingine, ukikijaza karafuu kavu kinakuwa chepesi zaidi. Hata nafaka ileile hubadilika: iliyomiminwa polepole huacha nafasi nyingi za hewa, iliyotikiswa hukaa chini na kuruhusu nyingine juu yake. Unga ndio mbaya zaidi, kwa sababu kibaba cha unga ulioshindiliwa na kibaba cha unga uliochekechwa sasa hivi vinaweza kupishana kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukadiria.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa tatizo hili. Walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Kibaba cha tele hujazwa hadi nafaka ifanye kichuguu juu ya mdomo na kuanza kumwagika pembeni. Kibaba cha mfuto hupitishwa kijiti au kiganja juu ya mdomo, na kilichozidi hufutwa. Kichuguu cha kibaba chenye mdomo mpana ni kikubwa kuliko kichuguu cha kibaba chembamba chenye ujazo uleule, kwa hiyo hata umbo la chombo lilikuwa na thamani ya fedha. Aliyenunua kwa tele na kuuza kwa mfuto alikula tofauti bila kugusa bei, na mwenye busara aliuliza kwanza ni kibaba gani kabla ya kuuliza ni kiasi gani.

Pishi ilipata heshima nyingine katika dini. Zaka ya fitri, inayotolewa mwisho wa Ramadhani, ni saa' moja ya chakula cha nchi kwa kila mtu, na saa' ina mudi 4. Mudi moja ni kiasi kinachojaza viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa. Pishi ya pwani yenye vibaba 4 ilisimama mahali pa saa', na misikiti mingi ya Afrika Mashariki hadi leo hutangaza fitri kuwa pishi moja, ikifuatiwa na maelezo kwamba ni kilo 2 na nusu hivi. Ile pishi ya wafanyabiashara yenye ratili 6 za reale ingetoa kilo 2.69. Tofauti ya gramu 190 kati ya hesabu hizo mbili haipaswi kushangaza. Asili ya saa' ni ujazo, na ujazo mmoja wa tende, wa shayiri na wa mchele hauwezi kuwa na kilo zilezile. Kwa hiyo kilo 2 na nusu ni makadirio ya chakula kinacholiwa zaidi, nayo ni makadirio ya busara.

Karafuu ndiyo bidhaa iliyobeba njia zote mbili kwa pamoja, na safari yake kutoka mtini hadi ghalani inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mchumaji hupanda mkarafuu na kushusha vishada vikiwa bado vibichi, maua yake hayajafunguka. Jioni vishada huchambuliwa, mara nyingi na wanawake na watoto waliokaa duara: karafuu upande mmoja, makonyo upande wa pili. Kisha karafuu mbichi hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa idadi ya pishi zake. Pishi ilifaa hapo kwa sababu shambani hapakuwa na mizani, na kwa sababu mchumaji na mwenye shamba wote wawili waliweza kuona chombo kikijaa. Ila kilichoonekana pia ni kichuguu, na kila pishi ilikuwa na nafasi ya kubishaniwa.

Asubuhi karafuu huanikwa juani juu ya majamvi au sakafu kwa siku kadhaa, zikigeuzwa mchana na kufunikwa mvua inapotishia. Rangi hugeuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia iliyoiva, na karafuu iliyokauka vizuri hukatika kwa sauti inapopindwa. Katika kukauka huko huondoka karibu theluthi mbili za tungamo. Kilo 3 za karafuu mbichi huacha kilo 1 kavu. Kilichoondoka ni maji yaliyopaa hewani, na hapa hakuna suala la mvutano wa dunia: tungamo yenyewe imepungua. Karafuu kavu ndiyo iliyokwenda kwenye mizani na kuuzwa kwa frasila. Makonyo yalipimwa peke yake na kuuzwa kwa bei yake, kwa kuwa nayo hutoa mafuta.

Mwenye shamba kwa hiyo alilipa ujira kwa ujazo wa kitu kibichi na kulipwa kwa tungamo ya kitu kikavu. Ili ajue kama amepata faida alihitaji kujua pishi ngapi mbichi zinatoa frasila moja kavu, na jibu lilitegemea msimu, ukavu wa hewa, mkono wa mpimaji na umbo la pishi. Kila aliyewahi kuuza karafuu zisizokauka sawasawa alikuwa akiuza maji kwa bei ya karafuu, na kila mnunuzi mzoefu alitia mkono ndani ya gunia kabla ya kutazama mizani. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa shamba kuu, hesabu hii ilihamia Pemba pamoja na zao lenyewe. Frasila ya ratili 35 ilibaki kipimo cha bei ya karafuu hadi ndani kabisa ya karne ya 20.

Sandarusi ilikuwa na shida ya jamaa hiyohiyo. Ni utomvu wa kale uliochimbwa ardhini katika mwambao wa bara, ukiwa umeganda na kushikamana na mchanga. Mnunuzi aliyepokea frasila 10 za sandarusi chafu alipokea tungamo sahihi kabisa ya mchanganyiko, bila kujua ni kiasi gani ni mchanga. Wafanyabiashara wa Marekani walisafirisha sandarusi hivyohivyo hadi Salem, ikaoshwa huko, na kilichopungua kikawa gharama yao.

Wakoloni waliongeza tabaka mpya za vipimo juu ya hizi. Ujerumani ilikuwa imeingia kwenye mfumo wa kilo tangu mwaka 1872 na ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizotia saini mkataba wa mita mjini Paris mwaka 1875, kwa hiyo utawala wake katika bara la Tanganyika ulikuja na kilo. Waingereza walikuja na ratili zao, aunsi na tani ya ratili 2,240. Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Wajerumani ikarudi nyuma, kutoka kilo hadi ratili, na vizazi viwili vya watoto wa shule vilikariri aunsi 16 na ratili 14 za jiwe.

Katika kipindi hicho ndipo debe na gunia vilipojikita. Debe lilikuja na mafuta ya taa: bati la galoni 4, ambalo likishaisha mafuta lilikuwa zuri mno kutupwa. Galoni ya Kiingereza iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1824 kuwa nafasi ya ratili 10 za maji, kwa hiyo debe la maji lina ratili 40, kilo 18.14. Debe la mahindi lina chini ya hapo likifutwa, na kiasi kingine likijazwa kwa kichuguu. Kibaba cha tele na cha mfuto vilizaliwa upya katika bati la mafuta ya taa.

Gunia la mahindi liliwekwa kuwa ratili 200. Kenya, Uganda na Tanzania zilipohamia kilo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, gunia hilo likawa kilo 90, na hadi leo bei ya mahindi nchini Kenya hutangazwa kwa gunia la kilo 90. Namba hiyo haina maana yoyote katika mfumo wa kumi kumi wa kilo. Ni kivuli cha ratili. Ratili moja, kwa mapatano ya kimataifa ya mwaka 1959, ni kilo 0.45359237 bila mabaki, kwa hiyo ratili 200 ni kilo 90.72. Kukata zile gramu 720 kulifanya gunia jipya kuwa pungufu ya la zamani kwa asilimia 0.8. Kwenye magunia 100 ni kilo 72, na bei isipobadilika, mnunuzi ndiye aliyezikosa. Madukani watu walijifunza kwamba kilo ni ratili 2 na moja ya tano, yaani 2.2, ilhali hesabu kamili ni 2.2046. Kwa sukari ya nyumbani kosa hilo halina neno.

Kilo yenyewe ilikuwa na historia isiyotulia. Tangu 1889 ilikuwa silinda ya platini na iridi iliyofungiwa karibu na Paris, na nchi nyingi za mkataba wa mita zilipata nakala. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa vipimo ulilazimika kutamka wazi kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, si cha uzito, na ukaweka g ya kawaida kuwa 9.80665 ili wanaotaka kugeuza kilo kuwa kani wawe na namba moja. Hata hivyo nakala zilipolinganishwa na silinda mama kwa miongo mingi zilionekana kupishana kwa sehemu za milioni za gramu, na hakuna aliyeweza kusema ni ipi iliyobadilika. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini. Imefungwa kwenye namba thabiti ya maumbile iitwayo namba ya Planck. Kifaa kikuu kinachoihakikisha ni mizani ya Kibble, ambayo husawazisha uzito wa kitu kwa kani ya umeme. Kwa kuwa inashughulika na uzito, wataalamu wake hulazimika kwanza kupima g ya chumba kilekile ilimosimamishwa, kwa usahihi mkubwa mno.

Lazima hiyo imefika hadi madukani. Mizani ya vitanga imeachia nafasi mizani ya umeme, na ndani ya mizani ya umeme kuna kipande cha chuma kinachojipinda kidogo chini ya mzigo. Ni ndugu wa springi, kinapima kani. Mizani iliyorekebishwa London ikiwashwa Nairobi, ambako g ni karibu 9.775 kwa sababu ya ikweta na kimo cha mji, itapunguza gramu 370 hivi katika kila kilo 100. Ikitolewa Nairobi kwenda Dar es Salaam itazidisha gramu 60 hivi kwa kilo hizohizo. Ndiyo maana mizani ya biashara hurekebishwa mahali itakapotumika, kwa kuwekewa jiwe lenye tungamo inayojulikana, na afisa wa vipimo huja na mawe yake mwenyewe. Jiwe hilo hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na reale 16. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002 kutekeleza sheria ya vipimo ya 1982.

Malalamiko makubwa ya wakulima wa sasa hata hivyo hayahusu mizani bali lumbesa. Gunia la viazi, vitunguu au mahindi hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba kilichoshikwa kwa kamba au kwa kipande cha gunia la pili, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Ni kibaba cha tele kwa kimo cha mtu. Kinachouzwa ni nafasi, kinacholiwa mjini ni kilo, na mwenye mizani ndiye anayejua kilo hizo ni ngapi. Nchini Tanzania kanuni zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kenya iliweka gunia la viazi kuwa kilo 50 katika kanuni zake za mwaka 2019. Namba hizo zina nguvu pale tu penye mizani ya kuzihakikisha, na katika minada mingi ya vijijini mizani bado haijafika, kwa hiyo gunia linaendelea kupimwa kwa macho.